Tumbo likiendesha mwezi mzima, anzia hapa kabla hujarudi kemisti

Ndugu zangu, leo naandika jambo ambalo wengi waona haya kulitaja, la choo. Na naliandika wazi manake haya hiyo ndio ilonikalisha mimi miezi mitano naendesha bila kupata mtu wa kuniongoza, ilianza mfungo mosi Ramadhani ndo kwanza imetoka, nkaja kupata afueni Maulidi yamekaribia, na katikati hapo nlikonda hadi pete ikawa yanitoka kidoleni nikiosha vyombo. Nlitibiwa taifodi mara tatu. Flagyl nlinunua sijui mara ngapi, nameza siku mbili, tumbo likitulia kidogo zilobaki naziweka kwa droo. Na katika wote walonitibu mwanzo hakuna aloniuliza swali hili dogo: maji ya kunywa mwayapata wapi?

Kwa hivo haya ni maelezo ya namna ya kuitafuta sababu. Dawa utapewa na daktari, lakini daktari ana dakika kumi na wewe na wewe uko na tumbo lako usiku na mchana, nusu ya kazi ya kutafuta ni yako.

Siku ngapi sasa?

Kuhara ni choo laini ama cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Kukiwa ni kwa siku mbili tatu kisha kumekwisha, mara nyingi ni virusi ama kile kiporo cha pilau kilolala nje, mwili hujimalizia wenyewe. Kukipita siku 14 hilo si tumbo la chakula kibaya tena, na kukipita wiki 4 madaktari waita kuhara sugu na hapo sababu wanazozifikiria zabadilika kabisa. Ndio maana dawa ilomfaa jirani kwa tumbo la siku mbili haiwezi kukufaa wewe ulo wiki ya saba. Hesabu siku zako kwa kweli, wengi husema "wiki mbili hivi" kumbe ni tangu kaskazi.

Sasa kabla ya kuendelea, kuna dalili ambazo ukiwa nazo usikae kuchunguza mwenyewe nyumbani, nenda hospitali leo: choo kina damu ama cheusi kama lami, homa haishuki, unapungua mwili bila kutaka, usingizini waamshwa na tumbo usiku wa manane ukimbie choo, kizunguzungu ukisimama na mkojo umekua kidogo tena wa manjano iliyoiva, ama una zaidi ya miaka 50 na tumbo hili ni geni kwako hujawahi kua nalo. Pia kama kwenu kuna mtu alopata saratani ya utumbo. Na mtoto mdogo aloendesha siku 14, huyo hata bila dalili nyingine mpeleke, watoto hukaukiwa haraka sana na mama huona kama kalala tu kumbe kaishiwa nguvu.

Daftari la siku kumi

Chukua daftari la shule lolote, siku kumi tu, uandike kila ulichokula na kunywa na saa yake, na kila ulipoenda choo na kilivyokua. Najua ni kazi ya kuchosha na ya kuona haya ila hiki ndicho kilonifungua mimi. Ukurasa wangu mmoja ulikua hivi:

Jumanne. Alfajiri choo mara 1, maji na povu, kinanuka yai viza. Saa moja chai ya maziwa vikombe 2, mahamri 2 na mbaazi. Saa mbili u nusu choo mara 2, tumbo langurumia hadi mtu wa kando asikia. Saa saba wali, mchuzi wa samaki, embe 1. Saa tisa choo mara 1. Usiku sikula. Usiku sikuamka.

Ukiuangalia huo wajua mambo kadhaa tayari. Povu na harufu ya yai viza, gesi nyingi na tumbo kujaa, hiyo huelekea utumbo mwembamba, na giardia, kidudu kidogo sana cha utumboni kisichoonekana kwa macho, ni mmoja wa wanaofanya ivo. Choo kingi cha maji kwa mara chache ni kawaida ya utumbo mwembamba, ila ukiwa unaenda mara kumi kutoa kijiko kijiko chenye ute, na unabanwa ghafla hata huwezi kungoja adhana iishe, basi utumbo mpana ndio uloumia na hapo huangaliwa amiba, bakteria kama wa shigela, ama ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunata kwenye sinki hata ukimwaga maji ndoo nzima hakiondoki, kina maana chakula cha mafuta hakisagwi ama hakinyonywi, kongosho ama utumbo wenyewe una tatizo. Angalia choo chako, usikione kinyaa, hakuna mwengine atakayekuangalilia.

Na kuna kipimo ambacho sisi tunacho bure bila kujua, nacho ni saumu. Siku usiyokula chochote kuhara kukapungua ama kukasimama, sababu yako yaingia na chakula, kuna kitu unakula hakinyonywi kinavuta maji. Ukifunga na tumbo laendelea kumwaga maji vile vile, basi utumbo wenyewe ndio unaotoa maji, na hilo ni la kumwambia daktari kwa herufi kubwa. Lakini usifunge kwa ajili ya kupima ikiwa tayari mwili umekauka ama una sukari, mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake. Angalia tu siku ulizofunga zamani zilikuaje, ama siku ambayo hamu ya kula haikuwepo ukashinda bila kitu.

Maji, na hapa nitakaa sana

Nyumba zetu za mji wa kale wa Amu (Lamu) zimebanana, kisima kiko uani, shimo la choo liko nyuma ya ukuta, mara nyingine la jirani. Watu wa afya husema choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, sasa niambie ni nyumba gani Langoni ama Mkomani ina mita 30 za kutenganisha chochote. Nyumbani kwetu ni hatua saba, nimezipima kwa mguu wangu. Mamangu nlipomwambia akajibu "mai haya twanwa tangu na tangu", na ni kweli, lakini tangu hiyo watu walikua wachache na vyoo vilikua vichache, na hata hao wazee watoto wao walikua wakifa kwa kuhara, twasahau tu.

Maji ya mji yatoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, lakini mpaka yakufikie wewe yamepita mabomba na tangi, na lile tangi la juu ya dari uliza liloshwa lini. Wa Pate, Siyu na Faza mna jabia (matangi) za mvua, jabia ni neema ila maji ya kwanza ya mvua yaosha paa lote na mavi ya ndege yakiwemo, hayo ya kwanza yaacheni yamwagike.

Giardia haitaki mengi. Hata vifuko vyake kumi hivi, yale maganda anayojifungia akiwa nje ya mwili, vyatosha kumwambukiza mtu. Kwa hivo ukichemsha maji ya kunywa lakini ukasukutua mdomo na maji ya birika ghafi kwenye udhu mara tano kwa siku, ukapiga mswaki nayo, ukanunua juisi ya ukwaju yenye barafu ambayo hujui maji yake, bado mlango uko wazi. Mimi hili la kusukutua sikulifikiria kabisa mpaka nlipoulizwa. Sasa nina jagi la maji yalochemshwa karibu na birika, la kusukutua tu, na halijanizidishia kazi yoyote.

Namna ya kuchemsha: yaache yatokote kabisa, yapande mapovu makubwa, kisha hesabu dakika 1, kwetu pwani yatosha. Dawa ya klorini nzuri kwa bakteria, lakini giardia yahitaji kipimo sawa na muda mrefu zaidi, na kuna mdudu mwengine kriptosporidia huyo klorini haimfanyi kitu, moto ndio wake. Ukishachemsha usiyamimine mtungini kisha watu kumi wachote kwa kata na mikono yao ndani, yatakua yale yale. Tumia chombo cha koki, ama ndoo yenye kifuniko na upawa wake usogusa mkono.

Na kama nyumbani kuna mtoto wa nepi anaendesha, usitafute mbali. Giardia hutoka kwake hadi kwa mama kwa mikono. Sabuni, si maji matupu.

Dawa zako mwenyewe, za kemisti na za dukani kwa mitishamba

Hapa watu hawapendi kuambiwa lakini naomba mnisikie. Toa dawa zote unazotumia, weka juu ya meza, zote pamoja na zile "si dawa ni mimea tu". Ukipata hizi simama:

Metformini ya sukari. Hii ni sababu ya kawaida sana na watu wa sukari huku kwetu ni wengi. Wengine huharisha mwanzoni kisha ikazoea, wengine huanza baada ya miaka. Usiiache mwenyewe, sukari ikipanda ni hatari zaidi, mwambie daktari, kuna ile ya kuyeyuka polepole hulitulia tumbo, na wengine hupona kwa kuimeza katikati ya chakula tu.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu, zile za maji meupe na za kutafuna. Magnesiamu yavuta maji utumboni, ukizinywa kila siku ndio sababu yenyewe.

Antibayotiki yoyote ulotumia miezi mitatu ilopita. Zaua bakteria wazuri, na wakati mwengine hutoa nafasi kwa mmoja anaitwa klostridiamu difisile, huyo huleta kuhara kukali na aweza kuua, hasa wazee. Anatibiwa kwa dawa yake maalumu, sio kwa kuongeza antibayotiki nyingine ya kubahatisha.

Sasa sanamaki. Na haluli. Na mafuta ya mbarika. Sisi tumelelewa kua tumbo lazima lisafishwe, mtu akijihisi mzito anachemsha sanamaki, na nimeona kwa macho yangu mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu anaendesha miezi, kapimwa kila kitu, kumbe kila usiku anakunywa kikombe cha majani "ya kupunguza tumbo" alonunua, na ndani yake majani yenyewe ni sanamaki. Alikua anajiharisha kila usiku na asubuhi anaenda kutafuta dawa ya kufunga. Siku tano baada ya kuacha alipona. Kwa hivo chai zote za kupunguza mwili na za kusafisha damu, soma ama uliza kilichomo, na ukikosa jibu acha wiki mbili uone.

Chakula: maziwa, tui, embe na ngano

Watu wazima wengi wa Afrika uwezo wa kuisaga sukari ya maziwa, laktosi, hupungua tangu utotoni. Wengine wavumilia kikombe, wengine hata nusu haiwezekani. Dalili ni zile za kwenye daftari langu, gesi na ngurumo na choo cha maji ndani ya nusu saa hadi masaa mawili baada ya chai. Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia, laktosi imo mote. Maziwa lala ina pungufu kidogo kwasababu bakteria wameshaila sehemu, wengine ndio wanayoweza.

Lakini tui la nazi SI maziwa. Nasisitiza manake niliposema naacha maziwa nyumbani wakaninyima na tui, nkala wali mkavu na samaki wa kuchoma wiki mbili bila sababu. Tui halina laktosi hata chembe. Lina mafuta, hilo kweli, kwa hivo kama choo chako ni kile cha kuelea na kunata, ama ulitolewa kibofu cha nyongo, basi tui zito litakusumbua kwa sababu ya mafuta, hiyo ni habari nyingine.

Embe na tikiti ukila nyingi, sukari yake ya tunda huzidi uwezo wa utumbo wa wengine. Tende nazo, saba na glasi ya juisi na maziwa wakati wa kufuturu, tumbo tupu, hapo mengi yameingia pamoja. Bazoka zisizo na sukari zina sorbitoli, nayo huharisha. Kahawa tungu vikombe vingi barazani husukuma utumbo pia, na pombe kwa wanaokunywa.

Ngano ni ya kufikiriwa lakini kwa mpango. Kuna ugonjwa wa siliaki ambapo mwili wapigana na gluteni ya ngano na kuharibu utumbo mwembamba, wajulikana sana kwa watu wa Ulaya, Arabuni na Afrika Kaskazini, na pwani hii damu zetu zimechanganyika kwa karne nyingi kwa hivo usiutoe kwenye hesabu. Kosa ambalo watu hufanya ni kuacha mahamri na chapati kwanza kisha ndo waende kupimwa, kipimo cha damu hapo chaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Pima ungali unakula ngano, kisha ndo uache.

Namna ya kujaribu chakula: toa kitu KIMOJA, wiki mbili, kila kitu kingine kibaki, kisha kirudishe uone. Ukitoa maziwa, ngano, pilipili na kahawa siku moja ukapona hutajua nani alokua adui, na utaishi kwa kuogopa chakula maisha yako yote.

Labu, na habari ya taifodi

Mwambie daktari wataka choo kipimwe kwa hadubini, na kama chapatikana kipimo cha antijeni ya giardia (chembe za mdudu mwenyewe) ni kizuri zaidi. Wadudu hawa hawatoki kila siku, kipimo kimoja kisafi hakina maana wewe ni msafi. Mimi cha kwanza safi, cha pili safi, cha tatu giardia. Kwa hivo vipimo vitatu siku tatu tofauti ndani ya siku kumi hivi, na vyote kabla hujameza Flagyl, manake ukimeza ndo ukapima unajificha mwenyewe.

Kukichukua: chukua kopo labu, tandaza gazeti ama mfuko wa plastiki safi, usikitoe kwenye maji ya choo na usichanganye na mkojo. Chukua kwa kijiti sehemu yenye ute ama damu kama ipo, kiasi cha ncha ya kidole gumba chatosha, na cha maji vijiko viwili vitatu. Funga, andika jina na saa, na kama ni cha maji kifike ndani ya nusu saa hadi saa moja kwasababu amiba na giardia walio hai hufa na kupotea umbo. Ndio maana nawaambia jamaa wa visiwani, usibebe kopo kwenye boti kutoka Faza jua lakuwakia mpaka Amu, njoo wewe mwenyewe ulale kwa ndugu ukitoe karibu na hospitali.

Ukikutwa na amiba maliza dozi yote, kisha uliza dawa ya pili, manake Flagyl yaua wale waloingia kwenye nyama ya utumbo lakini vifuko vilobaki ndani vyahitaji dawa yake. Wengi hurudiwa kwasababu hii ya pili haikuandikwa.

Taifodi sasa. Kile kipimo cha damu cha haraka kinachoitwa Widal chaangalia kinga ya mwili, sio bakteria mwenyewe. Kinga hiyo yaweza kuwepo kwasababu uliugua zamani, ulichanjwa, ama una maradhi mengine kama malaria. Taifodi ya kweli ni ugonjwa wa homa, homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, mwili kuisha, na kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara waone kama bakteria wamea. Mtu asiye na homa, anaendesha mwezi wa tatu, akaambiwa taifodi kwa Widal tu kisha akadungwa sindano siku saba, huyo ameongezewa kuhara kwa antibayotiki juu ya kuhara kwake. Nlifanyiwa ivo mara tatu na bado naumia nikikumbuka pesa na zile siku. Uliza kwa adabu: "Daktari, homa sina, hatuwezi kuotesha kwanza?" Una haki ya kuuliza.

Vipimo vya choo vikiwa vyote safi

Hapo usirudi nyumbani ukasema ni jini ama jicho, bado kuna mlango. Pima damu kama imepungua, pima sukari, pima tezi ya shingoni, thairoidi ikizidi moyo waenda mbio, joto halikuishi, unakula vizuri na bado wakonda na choo ni mara kwa mara. Pima HIV, ni bure hospitali za serikali, kuhara kusikoisha ni moja ya dalili zake za zamani zinazojulikana na dawa zipo na watu wanaishi miaka yao. Kifua kikuu chaweza kukaa tumboni pia bila kikohozi, na maziwa mabichi ni njia moja wapo. Kama uliwahi kuishi kule Ziwa Victoria ukaoga ziwani sema, kichocho cha utumbo kiko kule.

Kalprotektini ni kipimo cha choo kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe, kikiwa juu ndo wakupeleka Mombasa kupitishwa kamera njia ya chini, waangalie ugonjwa wa Crohn, vidonda vya utumbo mpana, saratani. Kikiwa chini na umri wako ni mdogo na hakuna dalili zile za mwanzo, mara nyingi ni IBS, utumbo mwepesi kushtuka, maumivu yanayobadilika ukienda choo, yakija angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Hiyo haiui wala haigeuki saratani, lakini ni maumivu ya kweli, usikubali mtu akwambie ni mawazo tu.

Kwa safari ya Mombasa, boti hadi Mokowe kisha basi masaa mengi, kidonge cha kufunga tumbo cha loperamide chaweza kukusitiri njiani, ila usikitumie ukiwa na damu kwenye choo ama homa, utajifungia sumu ndani.

Wazee wenye kukaa kitandani nataka niwataje peke yao. Mara nyingine anayeonekana anaharisha ni mtu alofunga choo siku nyingi, choo kigumu kimeziba na maji yapita pembeni. Ukimpa dawa ya kufunga unamzidishia. Uliza mara ya mwisho alitoa choo kizima ilikua lini, na mwombe daktari amguse tumbo na amuangalie njia ya haja.

Wakati unatafuta, usikauke

Paketi za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ziwe nyumbani. Ukikosa: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai kilosawazishwa. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Madafu ni mazuri yana potasiamu ila chumvi ya sodiamu ni kidogo, usiyategemee peke yake. Kula endelea, uji, wali, samaki, ndizi, njaa haitibu utumbo. Mtoto hupewa na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi 6 miligramu 10, na ziwa la mama lisikatizwe kabisa.

Namalizia na jambo lilonichanganya sana. Nlipotibiwa giardia nlipona wiki nzima, kisha siku moja asubuhi kikombe cha chai, na tumbo lile lile. Nkasema dawa haikufanya kazi, nkataka kurudi kununua tena Flagyl. Bwana mmoja wa labu ndo akanieleza kua giardia huharibu ule utando unaosaga laktosi, mdudu aondoka lakini utando wachukua wiki kadhaa kumea tena, na kwa wakati huo maziwa yataharisha kama mdudu yupo. Tulipima tena, safi. Nkaacha maziwa tu. Kwa hivo ukirudiwa baada ya dawa pima kwanza, usimeze.

Kurudi kwenye maziwa nilianza baada ya miezi miwili, robo kikombe ndani ya chai, pamoja na chakula, siku tatu. Nkaongeza ikawa nusu. Sasa kikombe kimoja asubuhi chapita salama, cha pili chaninguruma, basi cha pili nakunywa ya rangi na tangawizi.